Jiko Moja, Nyumba Moja

Mashine mbili, ubavu kwa ubavu, kwenye rafu ya chuma,
ghorofa ya pili, Oulu, mwezi wa kwanza,
saa tisa alasiri na jua limeshakwenda zake.
Ya kushoto ni ya ukoo wa zamani: viini kumi na sita, moto kama pasi.
Ya kulia ni mgeni. Viini sitini na vinne,
baridi, kimya,
bei yake tuliibishania mwaka mzima.

Mfumo uleule. Mratibu wa kazi yuleyule,
mstari kwa mstari, hakuna nukta iliyobadilika.
Kazi ileile: barua za hospitali, laki moja,
zifunguliwe, zipangwe, zijibiwe.
Ya kushoto ikamaliza kwa sekunde arobaini na moja.
Ya kulia, sabini na tatu.

Rauno Pikkarainen akasimama mlangoni,
theluji ikimyeyukia mabegani.
"Mgeni mvivu," alisema. "Arudishwe dukani."
Hilkka hakugeuka.
"Mvivu utamkuta amelala," alisema.
"Huyu anahema."

Hatukupima kasi. Kasi ilikuwa jibu,
nasi tulikuwa bado tunalitafuta swali.
Tulipima kungoja:
uzi ukiamshwa, unasubiri kiasi gani kabla haujapata kiini?
Mikrosekunde tatu. Nzuri kuliko za kushoto.
Foleni? Fupi.
Siku mbili tukaishuku saa ya ndani, bure.
Siku ya tatu tukamshuku aliyeiandika,
naye amestaafu, anafuga nyuki Kuhmo,
akatujibu kwenye simu kwamba saa yake haina kosa
na asali mwaka huu ni haba.

Usiku wa nne Hilkka akaupa kila uzi rangi,
kila kiini mstari wake.
Kwenye kioo, mashine ya kushoto ikatoka kama kikoi:
milia mirefu, rangi haiachi njia yake hadi pindoni.
Ya kulia ilikuwa bizari iliyomwagika.
Nukta, nukta, nukta.
Hakuna uzi uliokaa mahali ukaota joto.

"Ana adabu kupita kiasi," akasema Hilkka,
kidole chake kikimfuata mratibu kwenye vumbi lile.
"Akiona kiti kitupu popote, moyo wake hautulii.
Anamwinua aliyekaa, anampeleka kule."
Na kule ni kubaya:
uzi unafika mikono mitupu,
kila ulichokuwa umekiweka karibu umekiacha nyuma,
unaanza kuagiza upya, punje kwa punje,
toka ghala la mbali.
Ukishachemsha maji tu, unainuliwa tena.

Nikafungua jedwali,
lile ambalo mashine hujieleza kwalo inapoamka.
Liliandikwa: viini sitini na vinne, nyumba moja, jiko moja.
Nikasoma mara mbili. Nikamwita Hilkka.
Nyumba zilikuwa kumi na sita,
viini vinne vinne, kila nyumba na jiko lake,
na kati yao ukumbi mrefu usio na moto.

Mratibu hakuwa na kosa.
Alipewa ramani, akaiamini.
Hata mgeni hakuwa na kosa; alitambulishwa vibaya.

Tulirekebisha mistari kumi na moja.
Bizari ikajikusanya, ikawa nyuzi, nyuzi zikawa milia.
Sekunde arobaini na sita.
Tano zilizobaki hatuzijui zinakokwenda,
na sitadanganya hapa kwamba tumezijua.

Jumatatu Rauno alituita sote kwenye chumba cha mikutano.
Alionyesha mchoro wa ofisi: kuanzia mwezi ujao
hakuna mwenye meza yake.
Viti vyote ni sawa. Ukikuta kitupu, kaa.

Hilkka alikuwa amepakata kikombe chake chenye mpini uliogandishwa kwa gundi.
Aliutazama mchoro muda mrefu,
kama anavyotazama chati.
"Rauno," akasema, "nani aliyechora ramani hii?"